Safari ya Umeme Hadi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Mashine ya kuzalisha oksijeni iliyowekwa kando ya kitanda cha mtoto mwenye nimonia haina akiba yoyote ya oksijeni ndani yake. Hunyonya hewa ya chumbani, huondoa naitrojeni, kisha humpa mtoto oksijeni inayobaki. Umeme ukikatika, kazi hiyo hukoma papo hapo, na kiwango cha oksijeni katika damu ya mtoto huanza kushuka ndani ya muda mfupi. Muuguzi wa zamu hubakiwa na dakika chache za kufungua mtungi wa akiba, iwapo mtungi upo, umejaa, na spana ya kuufungulia haijapelekwa wodi nyingine.

Wahudumu wa afya hufundishwa kwa kina jinsi damu inavyotoka moyoni hadi kwenye vidole vya miguu, lakini ni wachache waliopata kuelezwa jinsi umeme unavyofika kwenye soketi wanayoichomekea mashine hiyo. Jambo hilo huonekana kuwa la mafundi peke yao. Ukweli ni kwamba kila namna ya kukatika au kuyumba kwa umeme ina chanzo chake, na anayekijua chanzo hujua pia achukue hatua gani wodini kabla fundi hajafika. Makala haya yanafuata njia ya umeme kutoka unakozalishwa hadi kwenye mwili wa mgonjwa.

Kutoka mtoni hadi kwenye nguzo

Tanzania Bara hupata umeme wake wa gridi kutokana na maporomoko ya maji na gesi asilia kwa sehemu kubwa. Kituo kikubwa kuliko vyote ni Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo 9 ambayo kila mmoja una uwezo wa megawati 235, yaani megawati 2,115 kwa jumla. Umeme unapotoka kwenye mitambo hiyo hupandishwa msongo hadi kilovolti 400 na kusafirishwa hadi Chalinze, ambako huungana na gridi. Kutoka hapo husambaa kwa njia za kilovolti 220 na 132 hadi kwenye vituo vya kupozea umeme vya mikoa. Katika vituo hivyo hushushwa hadi kilovolti 33 au 11, ambazo ndizo njia za nguzo zinazoonekana kandokando ya barabara zetu. Hatua ya mwisho hufanywa na mashineumba, ambayo wengi huiita transfoma, ile iliyofungwa juu ya nguzo au kuwekwa ndani ya uzio karibu na hospitali. Hapo umeme hushushwa hadi volti 400 kati ya nyaya za njia tatu, au volti 230 kwa njia moja.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini umeme upandishwe kiasi hicho ilhali mwishowe utashushwa. Jibu limo katika joto. Mkondo unapopita kwenye waya hupoteza sehemu ya nguvu yake kwa joto, na upotevu huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Hospitali inayohitaji kilowati 100 ikiletewa umeme kwa volti 400 za njia tatu, kila waya hubeba takriban ampea 144. Ikiletewa nguvu ileile kwa volti 11,000, kila waya hubeba ampea 5 na ushei tu. Msongo umepanda mara 27.5, na upotevu katika waya uleule umepungua zaidi ya mara 750. Ndiyo sababu transfoma huwekwa karibu kadiri iwezekanavyo na mtumiaji. Ndiyo sababu pia zahanati iliyo mwisho wa laini ndefu ya volti 230 hupata taa hafifu na friji inayounguruma bila kupoza vizuri nyakati za jioni, majirani wote wanapowasha majiko na pasi: sehemu ya msongo imepotelea njiani.

Mwanatiba atashawishika kuufananisha mfumo huu na mishipa ya ateri, kuanzia aota hadi kapilari. Ulinganisho huo unasaidia, lakini una kasoro moja kubwa. Mwili una akiba ya damu. Gridi haina akiba ya umeme ya maana. Umeme unaotumika sasa hivi wodini unazalishwa sasa hivi. Matumizi yakizidi uzalishaji, mitambo huanza kuzunguka polepole na marudio ya umeme hushuka chini ya 50 kwa sekunde. Yakishuka mno, vifaa vya kinga hukata baadhi ya maeneo ili kuiokoa gridi nzima. Mgao wa ghafla wa namna hii haumjui mgonjwa wala mwenye kiwanda.

Waya usiotajwa

Umeme wa njia tatu husafiri mtaani kwa nyaya nne: tatu zenye umeme na mmoja uitwao nyutro, ambao huurudisha mkondo kwenye transfoma. Majengo hugawiwa njia hizo tatu. Wodi ya wazazi huenda ikawa kwenye njia ya kwanza, maabara kwenye ya pili, jengo la wagonjwa wa nje kwenye ya tatu. Kwa hiyo wodi moja ikikosa umeme huku jirani yake ikiwaka, aghalabu njia moja tu ndiyo imekatika, labda kwa fyuzi iliyoungua kwenye transfoma. Ni vyema kumwambia fundi hivyo hivyo, kwa kuwa taarifa ya majengo yapi yana umeme na yapi hayana humfupishia kazi.

Hatari kubwa zaidi ni nyutro yenyewe inapokatika au kulegea. Majengo yaliyo kwenye njia tofauti hujikuta yameunganishwa kwa mfuatano kati ya volti 400, na kila jengo hupata mgao usiolingana kutegemea vifaa vilivyowashwa. Wodi moja hupata volti 120 na taa kufifia. Nyingine hupata volti 300 na zaidi, taa huwaka kwa mng'ao usio wa kawaida, kisha vifaa huanza kutoa moshi. Mashine nyingi za maabara na za kufuatilia wagonjwa zilizoungua kwa wakati mmoja katika jengo moja ziliungua hivyo. Ishara ya kuzingatia ni hii: taa za chumba kimoja kung'aa kupita kiasi pindi za chumba kingine zikififia. Aonaye hivyo azime swichi kuu ya jengo mara moja, baada ya kuwahamishia kwenye mtungi, betri au mfuko wa kupulizia kwa mkono wale wanaotegemea mashine, kisha aite fundi. Kinachopaswa kuepukwa ni kuendelea kuchomeka vifaa ili kuona kipi kitafanya kazi.

Kukatika kwa namna mbalimbali

Sehemu kubwa ya njia za usambazaji zimejengwa kama mti: shina hutoka kituo cha kupozea, matawi hugawanyika kuelekea vijijini na mitaani. Tawi likigusa waya kilomita 10 kabla ya hospitali, hospitali hukosa umeme pamoja na wote walio mbele yake. Baadhi ya hospitali kubwa hupatiwa laini yao pekee kutoka kituoni, au laini mbili kutoka pande tofauti. Gharama yake si ndogo, lakini kwa hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi ni matumizi yenye haki kuliko baadhi ya mashine zinazonunuliwa na kukaa bila kuwashwa.

Wengi wameshuhudia umeme ukikatika, ukarudi baada ya sekunde chache, ukakatika tena. Huo si uzembe wa mtu. Hitilafu nyingi za njia za juu ni za kupita: ndege, tawi lililopeperushwa na upepo, radi. Swichi ya kituoni hukata, husubiri, kisha hujaribu kurudisha; hitilafu ikiwa ingalipo hukata tena, na baada ya majaribio machache hubaki imekata hadi mafundi waipitie laini. Kwa mhudumu wa afya, majaribio hayo ndiyo yanayoua vifaa. Kompresa ya friji au ya mashine ya oksijeni inayolazimishwa kuanza upya mara tatu ndani ya dakika moja hupata mkazo mkubwa, na msongo wenyewe huwa haujatulia. Umeme unaporudi, ni busara kungoja dakika chache kabla ya kuwasha tena vifaa hivyo, isipokuwa vinalindwa na kidhibiti msongo chenye uwezo wa kuchelewesha.

Kukatika kwa muda mrefu ni mkasa mwingine kabisa, na mfano wake uko Unguja. Kisiwa hicho hutegemea umeme kutoka bara kupitia waya uliolazwa chini ya bahari. Mei 2008 hitilafu katika mfumo huo iliiacha Unguja bila umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 yakatokea tena, safari hiyo kwa miezi mitatu hivi. Pampu za maji zilisimama, hoteli na viwanda vidogo vikakosa kazi. Mchumi Alfredo Burlando alichunguza baadaye matokeo ya giza la 2008 na kuona mambo mawili. Idadi ya waliozaliwa iliongezeka miezi 8 hadi 10 baadaye katika vijiji vilivyounganishwa na umeme, na watoto waliokuwa tumboni wakati wa giza hilo walizaliwa na uzito mdogo kwa wastani kuliko wengine. Athari ya pili aliihusisha na kupungua kwa kipato cha kaya. Hitilafu ya umeme ilionekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi.

Ndani ya lango la hospitali

Umeme ukikatika, si kila kitu kinastahili kurudi kwa wakati mmoja. Viwango vya kimataifa vya ufungaji umeme katika majengo ya tiba hutenganisha mahitaji kwa muda yanayoweza kuvumilia. Taa ya chumba cha upasuaji inatakiwa irudi ndani ya nusu sekunde, muda ambao hakuna jenereta ya dizeli iwezayo kuufikia. Hapo betri pekee ndiyo hufaa. Vifaa vingine vya kuokoa uhai vinatakiwa kurudi ndani ya sekunde 15, ambazo jenereta iliyotunzwa inaziweza. Vitu kama kufulia nguo na kuchemsha maji vinaweza kungoja.

Hii ndiyo maana ya soketi zilizotengwa, ambazo katika baadhi ya hospitali hupewa rangi nyekundu: zimeunganishwa na jenereta au betri, zile nyingine hazikuunganishwa. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni kuchomeka birika la chai kwenye soketi nyekundu na mashine ya oksijeni kwenye nyeupe. Kosa jingine ni kuongeza vifaa mwaka hata mwaka bila kuuliza jenereta ilipimwa kwa mzigo gani. Jenereta iliyotosha wakati hospitali ilipokuwa na wodi nne haitoshi baada ya kuongezwa jengo la eksirei.

Jenereta hushindwa kuwaka mara nyingi kwa sababu ndogo kuliko watu wanavyodhani: betri yake ya kuwashia imekufa, au dizeli imekaa muda mrefu ikachafuka. Kuiwasha kila wiki kwa dakika tano bila mzigo hakuthibitishi kitu zaidi ya kwamba inanguruma. Jaribio la kweli ni kukata umeme wa gridi kwa makusudi, kwa kupanga na wodi zote, na kuiacha jenereta iubebe mzigo halisi. Siku hiyo ndipo hugundulika kwamba soketi ya joto la watoto njiti haikuwahi kuunganishwa.

Friji za chanjo zina hesabu yake. Chanjo nyingi huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Friji maalumu zenye kuta za barafu zinazokidhi masharti ya Shirika la Afya Duniani hudumisha ubaridi kwa saa 20 au zaidi bila umeme hata joto la nje likiwa nyuzi 43, mradi mlango usifunguliwe ovyo. Friji ya kawaida ya nyumbani haina uwezo huo, na vilevile huweza kugandisha chanjo zilizowekwa karibu na ukuta wake wa nyuma. Kuganda huziharibu baadhi ya chanjo, kama ya pepopunda, kuliko joto la muda mfupi.

Mkondo unapopita mwilini

Msongo peke yake haudhuru. Kinachodhuru ni mkondo unaopita, njia yake na muda wake. Miliampea 1 huhisiwa kama mchonyoto. Karibu na 10 misuli ya mkono hukakamaa na mtu hushindwa kuachia anachokishika. Miliampea 100 zikipita kifuani kwa sekunde moja au zaidi huweza kuufanya moyo utetemeke bila kusukuma damu. Ngozi kavu huzuia kiasi kikubwa, lakini ngozi iliyolowa jasho, maji au damu huacha ukinzani wa mwili ushuke hadi karibu omu 1,000, na volti 230 kwa ukinzani huo hutoa miliampea 230.

Hayo ni kwa mtu wa kawaida. Mgonjwa mwenye mrija au waya uliofika ndani ya moyo amepoteza kinga ya ngozi, na mkondo mdogo mara elfu moja, kiasi cha maikroampea 100, huweza kumsimamisha moyo bila muuguzi anayemshika kuhisi chochote. Ndiyo maana vifaa vinavyogusa moyo moja kwa moja haviruhusiwi kuvujisha zaidi ya maikroampea 10 katika hali ya kawaida.

Kinga ya kwanza ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Kifaa chenye bodi ya chuma kikipata hitilafu, waya huo huupeleka mkondo ardhini na fyuzi hukatika kabla mtu hajagusa. Soketi za kwetu zina tundu la tatu kwa kazi hiyo. Hata hivyo ni jambo la kila siku kuona plagi ya miguu miwili ikiingizwa kwa kusukuma kalamu ndani ya tundu la ethi ili vizuizi vifunguke. Kwa chaja ya simu iliyofunikwa kwa plastiki madhara ni madogo. Kwa mashine ya kufyonza makohozi yenye bodi ya chuma iliyobadilishiwa plagi, ni kuondoa kinga ya mgonjwa kwa kalamu.

Katika vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi vilivyojengwa kwa viwango, umeme hupitishwa kwanza kwenye transfoma ya kutenga, ambayo hauunganishi na ardhi. Kusudi lake ni kwamba hitilafu ya kwanza isikate umeme wa mashine ya kupumulia katikati ya upasuaji. Badala yake king'ora hulia ukutani, kikimaanisha kuwa kinga imepungua na hitilafu ya pili itakuwa ya hatari. Kukizima king'ora na kuendelea na ratiba ya siku inayofuata bila kumwita fundi ni sawa na kuzima kengele ya mashine inayoonyesha oksijeni ya mgonjwa inashuka.

Mgonjwa aliye nyumbani

Wagonjwa wengi sasa huruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa na mahitaji ya umeme. Mwenye kisukari asiwe na hofu kubwa: insulini aliyoanza kuitumia, kwa aina nyingi, hudumu takriban wiki nne nje ya friji ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na chombo cha udongo kilicholowanishwa, kikiwekwa kivulini penye upepo, husaidia panapokuwa na joto zaidi. Insulini iliyoganda itupwe.

Wenye jenereta ndogo waiweke nje, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu. Isiunganishwe kamwe kwa kuchomekwa kwenye soketi ya nyumba. Transfoma hufanya kazi pande zote mbili. Volti 230 zinazosukumwa kutoka nyumbani huweza kutoka upande wa pili zikiwa volti 11,000, na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imezimwa.

Anayetumia mashine ya oksijeni nyumbani anahitaji mazungumzo marefu zaidi kabla ya kuruhusiwa. Mashine ya lita 5 hutumia takriban wati 350. Ikifanya kazi mchana na usiku hutumia uniti 8.4 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 250 kwa mwezi. Kaya iliyokuwa katika daraja la watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi hulivuka daraja hilo kabla siku ya kumi haijafika, na bei ya kila uniti hupanda. Kwa mgonjwa huyo, LUKU kuisha saa nane usiku ni sawasawa na gridi kuanguka. Daktari anayeandika ruhusa aulize nani hununua umeme nyumbani, hununua kwa kiasi gani, na mtungi wa akiba utakaa wapi. Mtungi wenye lita 680 za oksijeni, ukitoa lita 2 kwa dakika, hudumu kwa saa tano na dakika arobaini.